Shamba la marehemu na saa ya miaka 12: nini ufanye kabla madai hayajapitwa na wakati

Mzee akifariki akaacha shamba, ndugu huwa na sababu elfu za kusubiri. Msiba bado mbichi. Mama yupo hai na hakuna anayetaka kumkera. Kaka mkubwa ndiye anayelima, nani amuulize? Mmoja yuko Mwanza, mwingine Muscat, basi tutakaa Desemba wote wakija. Desemba inapita, inakuja nyingine. Siku mtu anapofika kwenye baraza la ardhi na bahasha yake ya karatasi, wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi la awali la sentensi moja: maombi haya yamepitwa na wakati. Mwenyekiti akikubaliana naye, shauri linatupwa kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa.

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mirathi, na Kenya ni nchi nyingine kabisa ingawa nao wanahesabu miaka 12. Msikopeshane fomu.

Hatua ya kwanza: hesabu muda kabla hujamtafuta wakili

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 12 kudai kurudishiwa ardhi. Kanuni za ukomo kwa mashauri ya kimila za mwaka 1964 nazo zinatoa miaka hiyohiyo 12, kwa hiyo usidanganyike kwamba shamba la ukoo lisilo na hati halina saa. Na shauri lililopitwa na wakati linafutwa hata kama mpinzani wako hakusema neno. Baraza lenyewe linapaswa kuliona.

Swali gumu ni saa inaanza lini. Kwa ardhi ya marehemu, sheria inatazama ardhi ilikuwa mikononi mwa nani siku anafariki.

Kama alifariki akiwa analimiliki na kulitumia, na mtu akaliingia baadaye, haki ya kudai inahesabiwa kuanzia tarehe ya kifo. Kama alinyang'anywa angali hai, saa ilianza siku aliyonyang'anywa, na kifo hakiirudishi nyuma. Tuseme mzee alikaa kimya miaka saba: hiyo imeshaliwa. Ninyi warithi mmebakiwa na mitano. Kama familia iliendelea kulitumia baada ya mazishi na mtu akawatoa miaka kadhaa baadaye, mna hoja ya kusema saa ilianza siku mliyotolewa. Hoja hiyo hushinda na hushindwa kwa ushahidi: nani alilima, msimu gani, nani alimuona. Mimi humwambia kila anayeniuliza ahesabu kutoka tarehe iliyo kwenye cheti cha kifo. Ukiwa ndani ya muda kwa hesabu hiyo, na marehemu hakunyang'anywa angali hai, huna cha kuogopa.

Sasa lipo jambo ambalo hata watu waliosoma hawalijui. Barua ya usimamizi wa mirathi, yaani ile ambayo mahakama humpa mtu ili asimamie mali ya marehemu, haianzishi saa upya. Sheria inamchukulia msimamizi kana kwamba aliteuliwa siku ileile marehemu alipokata roho, pasipo pengo lolote katikati. Chukua mfano: mzee amefariki tarehe 14 Machi 2013 akiwa na shamba lake la ekari sita. Jirani kavuka mpaka mwezi wa tano mwaka huohuo na kupanda migomba. Watoto wanafungua mirathi mwishoni mwa 2024, binti wa pili anateuliwa msimamizi Januari 2025. Anadhani ana miaka 12 mbele yake, hivyo anatulia kwanza akusanye nauli na ada ya wakili. Ukweli ni kwamba alikuwa na miezi miwili tu. Machi 2025 ikipita, mlango umefungwa.

Vikao vya ukoo navyo havisimamishi saa. Wala barua kwa mwenyekiti wa kitongoji, wala malalamiko kwa mkuu wa wilaya, wala ahadi ya baba mdogo kwamba "tutayamaliza nyumbani". Muda unaoweza kuondolewa kwenye hesabu ni ule uliokuwa unaendesha shauri kwa nia njema na bidii katika mahakama au baraza ambalo baadaye limeonekana halina mamlaka. Ukiwa na shauri la namna hiyo, tafuta nakala ya uamuzi wake na uitunze.

Hatua ya pili: kama mnaelewana, pateni sahihi

Hapa ndipo wenye ndugu wanaozungumza vizuri wanaweza kujiokoa bila kesi. Aliye kwenye ardhi akikiri kwa maandishi, na akatia sahihi, kwamba ardhi ni ya marehemu au ya warithi wote, saa inaanza upya tarehe ya kukiri huko. Lakini akiri kabla miaka 12 haijaisha. Baada ya hapo maneno yake ni ya kuwafariji tu.

Kukiri kwa mdomo hakutoshi. "Tulimsikia akisema mbele ya wazee" ni sentensi inayosikika sana barazani, na inasaidia kidogo sana. Andika kwenye muhtasari wa kikao, hata kama ni karatasi ya kaunta buku, maneno ya wazi kama haya: "Mimi, fulani, ninayelima shamba lililopo kitongoji fulani, linalopakana na fulani upande wa kaskazini na mto upande wa kusini, nakiri kwamba shamba hili ni sehemu ya mirathi ya marehemu baba yetu, na ninalitumia kwa ruhusa ya familia hadi litakapogawanywa." Tarehe, sahihi yake, sahihi za mashahidi wawili wasio warithi. Hakuna haja ya kulifanya jambo liwe la ugomvi. Mwambie kaka ni kwa ajili ya kumlinda na yeye pia, maana hakuna atakayekuja kumwita mvamizi.

Akikataa kutia sahihi, basi umeshajua unashughulika na nani, na ni vizuri kujua mapema.

Hatua ya tatu: fungua mirathi

Mrithi peke yake, hata awe mtoto wa pekee, hana uwezo kisheria wa kudai mali ya marehemu kwa jina lake mwenyewe. Anayeshtaki na kushtakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au yule aliyetajwa kwenye wosia na kuthibitishwa. Mashauri yasiyohesabika yameondolewa kwa kosa hili: kaka ameenda barazani "kwa niaba ya ndugu zangu" bila barua ya usimamizi mkononi.

Kama marehemu aliishi kwa mila au alikuwa Mwislamu, ombi linapelekwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi wakati anafariki. Siyo mahali shamba lilipo. Mzee aliyehamia Mbagala kwa mwanawe na kufia huko, mirathi yake inafunguliwa huko hata kama shamba liko Kyela. Mirathi nyingine, hasa ya marehemu ambaye maisha yake hayakuwa ya kimila, zinakwenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu.

Utakachobeba: cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza msimamizi, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, majina ya warithi wote bila kumficha mtoto wa nje ya ndoa, na orodha ya mali. Kwa Mahakama ya Mwanzo utajaza Fomu Namba 1. Tangazo litabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kama ombi linapelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu na miaka mitatu imepita tangu kifo, lazima ueleze ndani ya ombi kwa nini mlichelewa. Andika sababu ya kweli. Ugonjwa wa mama, mgogoro wa ndani ya ukoo, mtoto aliyekuwa mdogo, vyote vinaelezeka.

Kuna familia inayokwama hapa miezi mingi kwa sababu shangazi hataki kusaini muhtasari. Peleka ombi bila yeye na ueleze mahakamani kwamba amekataa. Ataitwa, atasema yake. Mahakama ndiyo inayoteua, na ukoo kazi yake ni kupendekeza.

Ukiteuliwa Mahakama ya Mwanzo, una miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba V, kisha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Namba VI. Wasimamizi wengi wakishapata barua huiweka kabatini wakajiona warithi wakuu. Mrithi anayeona miezi imepita bila orodha wala hesabu anaweza kwenda mahakama iliyomteua na kuomba aitwe ajieleze, au uteuzi wake ufutwe. Na msimamizi akifariki, usimamizi haurithiwi na watoto wake. Mnarudi mahakamani kuomba mwingine. Saa ya miaka 12 haiwasubiri hapo pia.

Hatua ya nne: fahamu ardhi imeandikwaje

Wakati mirathi inashughulikiwa, usikae bure. Kama kiwanja kina hati, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili wa Hati, uombe upekuzi rasmi kwa namba ya hati au namba ya kiwanja na kitalu. Karatasi utakayopewa inaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Angalia tarehe ambazo umiliki ulibadilika. Hati iliyohama kwenda jina la mtu mwingine baada ya tarehe ya kifo, bila kupitia kwa msimamizi wa mirathi, ni dalili ya kughushi: marehemu hawezi kusaini mauziano.

Angalia pia hati inayosomeka jina la ndugu yenu. Kama aliandikishwa kama msimamizi wa mirathi, bado anaishika kwa niaba yenu. Kama limeandikwa jina lake tupu, yaelekea amejihamishia. Tofauti ya maneno machache hayo ndiyo kesi nzima.

Kwa ardhi ya kijiji, mwone mtendaji wa kijiji uulize kama ipo hatimiliki ya kimila na kama kuna mauziano yoyote yaliyopitishwa kwenye halmashauri ya kijiji. Omba kuona kumbukumbu. Chukua majina ya majirani wa pande zote nne, na upime mipaka ikiwezekana. Mashauri huondolewa kwa sababu mdai ameandika tu "shamba lililopo kijiji fulani" bila mipaka, ukubwa wala alama, kiasi kwamba hata akishinda dalali wa mahakama hatajua amtoe nani wapi.

Ukisikia fununu za kuuzwa na ardhi imesajiliwa, weka zuio kwa Msajili. Mnunuzi akifanya upekuzi ataliona. Zuio hilo halimalizi mgogoro, na mwenye hati anaweza kuomba liondolewe, lakini linakununulia muda wa kufungua shauri na kuomba amri ya muda ya kuzuia mauzo. Kwa shamba lisilo na hati, barua kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo silaha uliyonayo. Siyo amri ya mahakama, ila mnunuzi hatasema tena kwamba hakujua.

Hatua ya tano: chagua mlango

Mgogoro wa aina gani? Kama mnabishana nani ni mrithi, nani apate kipande kipi, au msimamizi anapendelea watoto wa tumbo moja, mko kwenye mirathi. Rudini mahakama iliyomteua msimamizi. Baraza la ardhi litawarudisha hukohuko, na mtakuwa mmepoteza mwaka.

Kama ardhi iko kwa mtu wa nje, au mrithi mmoja anasema "hili ni langu, halikuwa la baba kamwe" na mirathi ilishafungwa, hapo ni mgogoro wa ardhi. Msimamizi, au aliyekwisha kugawiwa kipande chake, ndiye anayefungua.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, halitoi tena hukumu. Linasuluhisha, na likishindwa linakupa cheti cha kusema limeshindwa. Bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza, isipokuwa kama siku 30 zimepita kata ikiwa haijafanikiwa kuwapatanisha, ndipo unaruhusiwa kuendelea. Weka ushahidi wa tarehe uliyofikisha lalamiko. Wapo makatibu wa kata wanaopenda kuahirisha, na ukiwa umebakiwa na miezi michache kila ahirisho ni hasara yako.

Baraza la Wilaya linapokea madai ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Ikizidi, ni Mahakama Kuu. Ukimshtaki pia Kamishna wa Ardhi, halmashauri, au hata halmashauri ya kijiji iliyogawa shamba lenu, mambo yanabadilika: lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Watu huongeza halmashauri ya kijiji kwenye orodha ya wadaiwa kwa hasira tu, wakajikuta wameharibu shauri zima. Ila kama kijiji ndicho kilichotoa ardhi, huwezi kukiacha nje. Mnunuzi vilevile usimsahau, wala ndugu aliyeuza. Hukumu dhidi ya mmoja haimfungi asiyeitwa.

Kiswahili sasa ndiyo lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, kwa hiyo andika maombi yako kwa lugha unayoimudu.

Kama miaka 12 imekwishapita

Usikate tamaa kabla hujajibu maswali manne.

Aliyeko kwenye ardhi aliingiaje? Kama alikaribishwa na marehemu, akapewa sehemu ya kulima au kujenga kwa hisani, kukaa kwake miaka 20 hakumfanyi mmiliki. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mkaribishwa hawi mwenye ardhi kwa kukaa muda mrefu, kujenga nyumba ya kudumu, au hata kulipa kodi ya ardhi kwa jina lake. Swali litakuwa nani ana ushahidi wa ukaribisho huo. Mashahidi wazee wahojiwe wakiwa bado wana kumbukumbu, na maelezo yao yaandikwe.

Kulikuwa na udanganyifu uliofichwa? Kama mtu alighushi wosia au mauziano na kuyaficha, saa huanza pale ulipogundua, au pale ambapo mtu mwenye bidii ya kawaida angegundua. Hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu upekuzi wa hati ungeonyesha yote miaka mingi iliyopita. Na kinga hii haimgusi mnunuzi aliyenunua kwa nia njema na kulipa bei pasipo kujua hila hiyo.

Mrithi alikuwa mtoto, au hana akili timamu, wakati haki ilipozaliwa? Muda wake unaweza kuanza anapotimiza miaka 18 au anapopona. Hapa tafuta mwanasheria, kwa sababu kama haki ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa kwa marehemu mwenyewe, utoto wa mrithi hausaidii.

Kukiri kwa maandishi kulifanyika? Tumeshaona hapo juu. Pekua barua za zamani, mihtasari, hata hati za mkopo ambamo aliandika shamba ni la familia.

Sababu yoyote unayoitegemea lazima iandikwe ndani ya maombi yenyewe. Ukiitaja kwa mara ya kwanza unapojibu pingamizi, umechelewa.

Ikiwa hakuna hata moja, kuna mlango mwembamba: baraza na mahakama hazina mamlaka ya kukuongezea muda wa kufungua madai, lakini Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda kwa kiasi kisichozidi nusu ya ule wa awali, yaani miaka sita kwa ardhi. Unamwandikia ukieleza sababu na kuambatanisha vielelezo. Ni wachache wanaoujua mlango huu, na wachache zaidi wanaoupita.

Kwa mabinti na wajane

Kanuni za kimila za mwaka 1963 zilimweka binti nyuma katika ardhi ya ukoo, na bado zinasomwa mahali pengi kana kwamba ni msahafu. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi, na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua mwaka 1990 kwamba binti wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo sawa na mwanamume. Kwa hiyo ukiambiwa na wazee "subiri kwanza, wewe umeolewa", jua kwamba unasubirishwa wakati saa inakimbia. Pasipo uwezo wa wakili, vipo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inayopita mikoani. Huduma yao ni bure.

Baada ya uamuzi

Ukishindwa Baraza la Wilaya, rufaa inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Uamuzi wa mirathi wa Mahakama ya Mwanzo unakatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu. Siku unazosubiri nakala ya hukumu zinaweza kuondolewa kwenye hesabu, lakini ni lazima uthibitishe kwamba uliiomba. Andika barua ya kuomba nakala siku ileile hukumu inaposomwa, wapige muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na hiyo usimwachie karani.